Weye Ulichezaka Wapi? Barua za Wanaotaka Ukocha wa Chuo

Barua za mwezi huu, kutoka mitaa ya Lubumbashi, karibu zote zimeandikwa na watu ambao hawakuvaa jezi ya klabu kubwa, lakini wanataka kufundisha timu za vyuo. Tumezijibu zilizouliza jambo mahususi. Zile za "nishaurini tu" zisubiri.

Jambo sana, walimu. Niko L2 (mwaka wa pili) ya uchumi, kampusi ya Kasapa. Mpira niliucheza mtaani Katuba tu, tena beki wa akiba. Nataka kuingia ukocha wa timu ya fakulte (kitivo). Nimemwendea kocha mara mbili, ananijibu "tutaona". Nifanyeje? — Mwanafunzi, Katuba

Kocha huyo hajakukataa. Hajui tu akupe nini. Ukimwomba ukocha, unamwomba kiti chake mwenyewe, au cha msaidizi aliyekaa naye miaka. Mwombe kazi ambayo sasa hakuna anayeifanya, na ambayo ikifanywa vizuri yeye ndiye wa kwanza kupata nafuu. Kwenye timu za fakulte kazi za namna hiyo ni kuhesabu, kupiga video na kusimamia mazoezi ya kupasha mwili. Ya tatu tunaijadili kwenye barua ya Mama Mwalimu hapa chini.

Kuhesabu kunahitaji daftari na penseli. Chora uwanja, ugawe sehemu tatu kwa urefu na tatu kwa upana, upate vyumba tisa. Kila timu yenu inapopoteza mpira, andika namba ya mchezaji na dakika ndani ya chumba hicho. Inapounyang'anya, weka duara. Mashuti yaandike pembeni: limetoka wapi, na pasi ya mwisho ilitoka wapi. Usiongeze cha nne. Mtu mmoja anaweza kufuatilia mambo matatu kwa uhakika. La nne huharibu yale matatu.

Kabla ya kwenda uwanjani jipime nyumbani. Tazama dakika 15 za mechi iliyorekodiwa, hesabu, kisha rudia kipande kilekile kesho yake. Hesabu mbili zikiachana kwa zaidi ya moja katika kumi, kosa kwa kawaida liko kwenye maana ya maneno, si kwenye macho. Je, shuti lililokwenda nje ni mpira uliopotea? Je, mpira uliobutuliwa na beki kuokoa? Amua, andika juu ya ukurasa, usibadilishe katikati ya msimu. Kosa lingine ni la moyo: unashangilia. Mwenye kuruka bao likiingia huwa ameacha kuandika dakika mbili nzima.

Mapumziko yakifika, mpe kocha sentensi mbili tu. "Tumecheza vibaya kushoto" ameshaiona mwenyewe. "Mipira 11 imepotea kushoto katikati ya uwanja, 7 ni ya namba 6 akipokea huku ameligeuzia goli la wapinzani mgongo" ni kitu anachoweza kukitengeneza ndani ya dakika 15.

Video, simu ya kawaida inatosha. Simama usawa wa mstari wa kati, juu ya kitu cha mita tatu au nne: jukwaa, ukuta, hata mgongo wa lori. Ukipiga ukiwa chini, wachezaji wanafunikana na nafasi kati ya mabeki haionekani, na nafasi hizo ndizo kocha anazozitaka. Simu ilale kwa upana, usivute picha karibu, uweke hali ya ndege ili asipige mtu na kukata rekodi. Ubora wa 720 unatosha. Mechi ya dakika 90 hula kiasi cha gigabaiti 4 hadi 6, kwa hiyo futa nafasi usiku wa kuamkia mechi. Baadaye kata vipande visivyozidi nane, kila kimoja chini ya sekunde 20. Wagawie kwa Bluetooth, maana ukituma kwa mega (data ya intaneti) watafungua wachache tu, na wale walioumizwa na kosa lenyewe ndio hawatafungua.

Njia hii wengine wameipita. Erik Spoelstra hakucheza NBA, ligi kubwa ya basketi ya Marekani. Aliingia timu ya Miami Heat mwaka 1995 kupitia chumba cha video, akawa kocha mkuu mwaka 2008, akachukua ubingwa 2012 na 2013. Julian Nagelsmann, goti lilipomzuia kucheza akiwa kijana kabisa, alipewa kazi ya kuchunguza wapinzani wa timu ya akiba ya Augsburg, klabu ya mpira ya Ujerumani. Mwezi wa 2 mwaka 2016 alikuwa kocha mkuu wa Hoffenheim, huko huko Ujerumani, akiwa na miaka 28. Hesabu miaka ya Spoelstra: ni 13. Wewe hesabu mechi sita bila kutoa maoni ya mbinu hata mara moja. Siku kocha atakapogeuka mwenyewe akuulize "unaonaje?", mlango umefunguka, na si wewe uliyeusukuma.

Nimepewa timu ya pili ya chuo kwa sababu hakuna aliyeitaka. Wachezaji wawili walipitia timu za vijana za klabu za hapa. Siku ya kwanza mmoja akaniuliza mbele ya wote: "Weye ulichezaka wapi?" Nilinyamaza. Ningejibu nini? — Kocha wa timu ya pili, Kampemba

"Nilichezaka mtaani. Tuanze." Halafu unapanga koni. Swali lile halitafuti historia yako. Linatazama kama utatikisika. Ukitunga klabu, mji huu ni mdogo, kufikia Jumapili watakuwa wamejua. Ukijitetea kwa Carlos Alberto Parreira, ambaye hakuwahi kuwa mchezaji wa kulipwa lakini aliipa Brazil Kombe la Dunia 1994, au kwa José Mourinho aliyeanza kwa kocha Bobby Robson kama mkalimani, unasema kweli. Lakini mtu mwenye mipira minne akijitaja pamoja na Mourinho, kicheko kitasikika mpaka Kamalondo. Majina hayo yabaki ya kukutia moyo wewe, usiku.

Tusidanganyane lakini: kutocheza juu kuna upungufu wake, nao unaonekana mahali patatu.

Kwanza ni kuonyesha. Usijaribu kupiga krosi mbele ya mtu anayeipiga vizuri kuliko wewe. Mwite yule yule aliyekuuliza swali, mwambie afanye mara mbili, ya kwanza polepole. Wewe taja kitu kimoja cha kutazama: mguu wa kusimamia, bega, au macho. Yeye amepata heshima, wenzake wameona mfano safi, na wewe umeonyesha kuwa unajua pa kutazama.

Pili ni jicho. Aliyecheza juu huliona kosa sekunde moja kabla halijatokea. Wewe utaliona limeshapita, na ukisimamisha mchezo wakati huo hakuna atakayekumbuka alikuwa amesimama wapi. Dawa ni kuchagua kosa moja tu la kulinda siku hiyo. Kama somo ni kupokea mpira ukiwa umegeuza mwili, achana na pasi mbaya zote. Ukitaka kuona kila kitu hutaona kitu.

Tatu ni mwili. Asiyewahi kucheza dakika 90 ngumu hupenda kuwakimbiza watu, kwa kuwa kukimbiza kunafanana na kazi. Tumia kipimo rahisi. Nusu saa baada ya mazoezi, kila mchezaji akutajie, faraghani, ugumu kuanzia 1 hadi 10, kisha zidisha kwa dakika. Dakika 90 kwa ugumu wa 6 ni 540. Jumlisha kwa wiki. Wiki moja ikipanda ghafla, tuseme kutoka 1,500 hadi 2,400, tarajia misuli ya paja kulalamika wiki inayofuata. Wakati wa mitihani wanafunzi hawalali: kazi ileile ya 6 watakuambia 8, na hawadanganyi.

Sasa mazoezi yenyewe. Tuseme una watu 20, wawili kati yao makipa, mipira 4, nusu uwanja, dakika 90. Anza saa 10 alasiri, kwa sababu mwezi wa 6 jua linazama kabla ya saa 12 jioni. Dakika 15 za kupasha mwili. Kisha dakika 20 za wanne dhidi ya wawili: wachezaji 18 wanagawanyika vikundi vitatu vya sita, kila kikundi mpira wake ndani ya mraba wa mita 8, na mpira wa nne unabaki kwa makipa. Kama mpira unatoka kila baada ya pasi mbili, panua hadi mita 10. Wakipiga pasi 20 bila shida, punguza. Halafu dakika 25: timu tatu za sita, uwanja wa mita 40 kwa 30, makipa golini. Mbili zinacheza dakika 4, ya tatu inapumzika na kuokota mipira. Michezo sita inakwenda, kila timu inacheza minne. Dakika 20 zinazofuata ni tisa kwa tisa na makipa, bila kusimamisha. Kumi za mwisho ni kupoa na maneno machache.

Linalowaharibia makocha wapya ni foleni. Watu 18 mstari mmoja, mpira mmoja, kupiga shuti. Kila shuti na kuokota huchukua kama sekunde 10, kwa hiyo dakika 20 ni mashuti 120, na kila mtu amepiga sita au saba. Muda uliobaki wamesimama wakipiga domo, nawe unawakaripia kwa uchovu uliouumba mwenyewe. La pili ni hotuba. Ukisimamisha mchezo, sekunde 30 ziwe mwisho.

Na kiangazi, udongo wetu mwekundu unakuwa mgumu kama saruji. Futa mazoezi ya kuteleza kunyang'anya mpira mpaka mvua zirudi.

Kuna mtu ananiuzia kwa WhatsApp cheti cha ukocha "cha kimataifa", dola 150, bila darasa. Kitanisaidia chuoni? — Ndugu wa komini ya Kenya, Lubumbashi

Usinunue.

Leseni za mpira wa miguu zinazotambuliwa Afrika ni za CAF, shirikisho la mpira la Afrika, na ngazi zake ni D, C, B, A na, juu kabisa, Pro. Mtu wa kawaida huanza chini na kupanda moja moja. Kwetu mafunzo yake hupitia FECOFA, shirikisho la mpira la Kongo, na taarifa hushuka hadi ligi ya mkoa na entente (chama cha mpira) ya mji. Nenda ofisini kwao, andikisha jina, rudi kila mwezi. Nafasi huwa chache na tangazo halikai siku nyingi ukutani. Faili lako liwe tayari muda wote: kitambulisho, picha za pasipoti, nakala ya diploma ya Serikali, na barua ya timu inayothibitisha kuwa unafundisha. Hiyo ya mwisho ndiyo watu wengi hukosa, na ndiyo sababu tunasema kwanza upate timu, hata ya watoto wa mtaa, kisha utafute leseni. Wa basketi waulize FEBACO, shirikisho lao la taifa. Voli ina kozi za FIVB, shirikisho la voli duniani, zenye ngazi tatu. Masomo ya bure kwenye intaneti yasome uelewe, lakini usiyaite leseni.

Ongeza cheti cha huduma ya kwanza cha Msalaba Mwekundu. Mkuu wa chuo anayeogopa mwanafunzi kuanguka uwanjani atakisoma kabla ya hicho kingine.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, jioni nafundisha wasichana wa chuo basketi. Msimu huu wawili wameumia goti bila kuguswa na mtu. Wazazi wameanza kusema mchezo si wa wasichana. — Mama Mwalimu, Ruashi

Mama Mwalimu, kuumia bila kuguswa kuna sababu inayoonekana kwa macho. Msichana ametua kutoka kuruka, au amegeuka ghafla, mguu ukiwa umenyooka na goti likaanguka kwa ndani. Ukano wa mbele wa goti haubebi mzigo huo. Wasichana hupatwa na jambo hili kuliko wavulana wanaocheza mchezo uleule, na sehemu kubwa ya sababu, namna ya kutua na nguvu za nyonga na paja la nyuma, inafundishika.

Wapime kesho. Chukua kreti tupu la bia, ligeuze, ni kimo cha kama sentimita 30. Msichana ashuke kwa miguu miwili na papo hapo aruke juu. Weka simu mbele yake, usawa wa magoti, rekodi, kisha simamisha picha pale nyayo zinapogusa sakafu. Goti likiwa limeingia ndani ya kidole gumba cha mguu, jina lake liandike. Ukisikia kishindo kizito, liandike pia: ametua na miguu migumu.

Kisha tumia programu ya FIFA ya kupasha mwili iitwayo 11+. Ilitengenezwa kwa mpira wa miguu, ila magoti ni magoti. Ina mazoezi 15 na huchukua dakika 20: kukimbia polepole kwa dakika 8, nguvu na mizani kwa dakika 10, kukimbia kwa kasi kwa dakika 2. Katikati ndiko kwenye kazi. Kulala kwa kiwiko na kunyoosha mwili, sekunde 20 hadi 30, mara tatu. Kupiga magoti mwenzako ameshika vifundo, ukainamia mbele polepole: wanaoanza, mara 3 hadi 5 tu, kwa kuwa wakizidisha kesho hawatashuka ngazi. Kuchuchumaa na kuruka, sekunde 30, mara mbili, kila kutua goti likiwa juu ya vidole.

Mara mbili kwa wiki ndiyo kiwango cha chini, msimu mzima. Timu nyingi huanza vizuri mwezi wa kwanza, mechi zikianza wanaacha "kuokoa muda". Nyingine huhesabu marudio bila kutazama magoti, na hapo wanajizoeza kutua vibaya kwa bidii. Sakafu nayo iangalie: saruji laini yenye vumbi na raba zilizokwisha soli ni kuteleza tu. Ipigwe deki ya maji, iachwe ikauke, kabla ya mazoezi.

Aliyesikia kitu kikilia ndani ya goti, likavimba ndani ya saa chache, aende hospitali. Asikandwe mafuta, asivutwe mguu na fundi wa mtaani, asirudi uwanjani eti kwa sababu maumivu yametulia baada ya wiki mbili. Ukano uliokatika hutulia hivyo hivyo, halafu goti linaachia siku ya mechi. Wazazi waonyeshe video ya kreti ya wiki ya kwanza na ya wiki ya nane. Na kama bado wanasema mchezo si wa wasichana, wakumbushe kuwa mwaka 2024 kombe la mabingwa wa Afrika la mpira wa miguu kwa wanawake lilikuja hapa hapa Lubumbashi, na TP Mazembe.

Basketi: tulifungwa 70 kwa 62. Kocha anasema ulinzi ni mbovu, mimi mwandika takwimu naona shambulio. Mashuti yetu 60, riboundi za kushambulia (shuti letu likikosa, mpira tukaurudisha wenyewe) 10, mipira iliyopotea 15, mipira ya adhabu 20. Nani yuko sahihi? — Mshika daftari, Kamalondo

Hesabu mara ngapi mlikuwa na mpira: mashuti, toa riboundi za kushambulia, ongeza mipira iliyopotea, ongeza mipira ya adhabu mara 0.44. Yaani 60 − 10 + 15 + 8.8, ni 73.8. Pointi 62 kwa zamu 73.8 ni 0.84 kwa kila zamu. Wapinzani, wakiwa na zamu karibu zilezile, wamepata 0.95, ambayo si nyingi. Ulinzi wenu haukuwa mbovu hivyo. Zamu moja katika kila tano mlipoteza mpira bila hata kurusha. Lakini kabla hujamkimbilia kocha na daftari: zamu ambazo hamkupoteza mpira ziliwapa kama pointi 1.05 kila moja, kwa hiyo mngepoteza 10 badala ya 15 mngeongeza pointi 5 hivi, na bado mngeshindwa kwa tatu. Naye ana sehemu yake ya ukweli. Mpelekee hesabu yote, si nusu inayokupendeza.

Mdogo wangu anamaliza chuo, amesikia Marekani vyuo vinaajiri makocha. Mlango uko wapi? Kuna ajenti anaomba pesa. — Yaya yake, mtaa wa Golf

Huko michezo ya vyuo ni kazi kamili. NCAA, chama kikubwa cha michezo ya vyuo, ina divisheni tatu, na pembeni kuna vyama vya NAIA na NJCAA, hiki cha vyuo vya miaka miwili. Asiyecheza juu huingia kwa mojawapo ya njia mbili. Akiwa bado anasoma shahada ya kwanza, huwa meneja mwanafunzi: kuokota mipira, kufua, kupiga video. Akiwa na shahada, hutafuta nafasi ya msaidizi mhitimu, ambapo anasoma shahada ya pili, chuo kinamlipia karo yote au sehemu, na kumpa posho ndogo. Kwa mgeni, hiyo ya pili ndiyo yenye akili, kwa kuwa inakuja na masomo, na masomo ndiyo yanayoleta viza. Mwenye viza ya F-1 (ya mwanafunzi) haruhusiwi kuzidisha saa 20 za kazi kwa wiki ndani ya chuo wakati wa muhula. Anayemwahidi kazi ya kutwa nzima anamdanganya.

Aandike kwa makocha wasaidizi wa divisheni ya pili na ya tatu, si kwa kocha mkuu anayeonekana kwenye televisheni. Basketi msimu wake huwa umeisha kufikia mwanzoni mwa mwezi wa 4, na wakati huo ndipo watu huhama na nafasi hufunguka. Barua isizidi mistari minane: anasoma nini, anajua kufanya nini, kiungo cha uchambuzi mmoja wa mechi alioufanya mwenyewe. Kifaransa, Kiswahili na Lingala avitaje mstari wa kwanza. Vyuo vya huko huchukua wachezaji wa Afrika tangu zamani. Dikembe Mutombo alitoka Kinshasa akaenda Georgetown. Kocha anayeshindwa kuongea na mama wa mchezaji kwa simu anamhitaji mtu anayeweza. Jaribio la Kiingereza alifanye mapema.

Ajenti hana nafasi katika hayo yote. Barua pepe ni bure.

Chuo kimenikubali. Kuhusu malipo wanasema "tutakuangalia". — Kocha mpya, Annexe

Ukurasa mmoja unatosha, saini mbili: mazoezi mangapi kwa wiki, nauli kiasi gani kila siku ya mazoezi na inalipwa lini, nani anagharamia mchezaji akiumia, na makubaliano yanaisha tarehe gani. Nauli idai kwa wiki, si kwa mwezi. Deni la mwezi huwa "tutaongea". Weka daftari la mahudhurio lenye tarehe na saini ya kapteni kila zoezi. Na mipira iandike siku unayoipokea, idadi na hali yake, kwa sababu siku ukiondoka hakuna atakayekuuliza umeshinda mechi ngapi kabla hajauliza mipira iko wapi.